Mkwe Nyuma ya Pazia

Masele alikuwa muuguzi hodari, hilo hata wabaya wake walikubali. Lakini alichokifanya mwaka sabini na sita, jamani, mpaka leo ukimkumbusha anainamisha kichwa.

Mama mkwe wake, Bi Mageni, aliletwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe, kifua kinapiga mluzi. Miaka arobaini ya kupuliza kuni ndani ya nyumba ilikuwa imemla mapafu. Daktari Ignas akamwekea mtungi wa oksijeni, akamgeukia Masele.

"Koki isizidi lita moja. Mapafu haya yamezoea kubaki na hewa chafu, ile tunayoitoa tukipumua. Ukimzidishia oksijeni yatazembea, hewa chafu ijae mwilini, alale asiamke. Mashine ya kuipima hatuna, kipimo ni macho yako. Kila nusu saa mwamshe, mtazame, anyooshe mikono. Ikipapatika, niite."

Hapo Masele angesema tu, "Daktari, huyu ni mkwe wangu." Mtu hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumshika mikono. Muuguzi mwenzake Melania alikuwa wodi ya pili, wangebadilishana. Lakini wapi! Aliogopa daktari atamwona mshamba. Akajibu, "Sawa," kisha akavuta pazia.

Saa tatu asubuhi akamsikia mama anahema kwa taabu. Huruma ikamwingia. Akapitisha mkono pembeni ya pazia, akafungua koki mpaka lita nne. Mluzi ukapungua, naye akajisifu moyoni kwamba leo kamtunza mkwe. Kila nusu saa akauliza kutoka nje ya pazia, "Mama, umelala?" Kimya. Akaandika kwenye faili: amelala vizuri. Vizuri, ati!

Saa sita mchana mkewe, Esta, akaja na uji.

"Shikamoo, mama." Kimya. "Mama! Shikamoo!"

Bakuli likaanguka.

Masele akaingia mbio. Kwa mara ya kwanza tangu aoe akautazama uso ule. Ulikuwa umelowa jasho, macho hayafunguki. Akarudisha koki chini, akambana kinyago cha hewa mdomoni na puani, akawa anaminya mfuko wa hewa huku analia waziwazi, Esta akikimbia kumwita daktari. Aliminya mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo mkono wa mama ukapapasa, ukitafuta khanga ajifunike uso.

Jioni ndugu walijaa wodini. Maduhu, kaka mkubwa wa Esta, akamshika Masele bega.

"Shemeji, umevunja mwiko ukamwokoa mama. Tutakuletea mbuzi wa shukrani."

Wanawake wakapiga vigelegele. Masele alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona akigusa koki.

"Mbuzi nitaleta mimi," akasema. "Koki niliizidisha mimi, mama. Halafu nikaona haya kukutazama."

Vigelegele vikakatika. Bi Mageni akashusha khanga taratibu, uso wote ukabaki wazi mbele ya watu.

"Haya, mwanangu," akasema, "nitazame."

Masele akashindwa.