Redio Isiyo na Faida

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa mjini kwenda kuthibitisha kwamba Redio Litumbi haimfai mtu yeyote.

Nililala na hasira, mimi msimamizi wa kituo hicho. Fomu ya leseni ilikuwa mezani, mwisho wa kuirudisha ni leo. Wenye kutoa leseni walitaka kusema redio ya jamii isiwe ya kuchuma pesa. Ila aliyeandika Kiswahili kilimshinda, akaandika hivi: "Nathibitisha kwamba redio hii haina faida." Nisiposaini hapo, leseni hakuna, tunazima.

Basi ndotoni natembea kwa miguu, mtambo wetu wa kurushia matangazo nimeubeba mgongoni kwa kitenge. Una joto kama mtoto mwenye homa.

"Mzee Otmari," unasema mtambo, "hivi kweli utanisema vibaya mbele za watu?"

"Nyamaza. Nakutafutia leseni."

Ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka, ameketi muhuri. Muhuri wa mpira, mpini wa mbao, chai mbele yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, ingawa alichongwa mwaka jana. "Redio yako ina faida?"

"Ya pesa? Hatujawahi kuiona."

"Nani kataja pesa? Fomu haisemi pesa. Shahidi wa kwanza!"

Anaingia ng'ombe, anatafuna. Namfahamu, ni wa Kandida Mbunda, mwenye duka jirani na studio.

"Nilipotea siku tatu," anasema ng'ombe. "Ya tatu nikapita karibu na kilabu cha pombe, redio inaongea: ng'ombe mwekundu, baka jeupe paja la kushoto, pembe moja imepinda. Nikajitazama. Nikaona ni mimi. Nikarudi nyumbani."

Muhuri akajigonga kwenye karatasi. "Faida moja."

"Lakini lile tangazo tulilisoma bure!"

"Bure ni yako wewe. Yeye kafaidika."

Nikageuka kutafuta mlango. Hakuna mlango. Ofisi sasa ni uwanja wa nyumbani kwetu, viti vya msiba vimepangwa, muhuri yupo palepale na chai yake. Shahidi wa pili ni mama yangu. Tulimzika miaka sita iliyopita. Ana udongo kidogo begani, naupangusa.

"Otmari, umekula?"

"Bado, mama."

Anamgeukia muhuri. "Mimi nilitangazwa mara tatu, baada ya habari za mchana. Mdogo wangu Gerold tulikuwa hatusemezani miaka kumi na moja, kisa shamba. Alinisikia akiwa ng'ambo ya mto. Akaja. Akabeba jeneza upande wa kichwani."

Muhuri akanywa chai taratibu. "Faida mbili. Ikifika ya tatu nafunga kituo. Ila mimi si mtu mbaya."

"Wala si mtu," akasema mama.

"Mzee, tamka tu kwamba haina faida. Mara moja, halafu uende na leseni yako."

Mgongoni, mtambo umepoa ghafla.

"Sema, baba," mama ananinong'oneza. "Upate karatasi yao. Sisi tuliokufa hatununi."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimekusudia kusema, sitaficha. Lakini mimi sisahau, huo ndio ugonjwa wangu, na kilichotoka ni kingine.

"Mlisema tusitangaze sabuni za Kandida, eti hiyo biashara. Tukaacha. Mkasema kadi za salamu za wasikilizaji nazo biashara. Tukaacha kuziuza, na hizo ndizo zilizokuwa zinanunua mafuta ya jenereta. Kisha mkatuandikia barua tujitegemee! Mtu umfunge mikono yote miwili halafu umkabidhi jembe? Na leo mnataka niape, mama yangu amesimama hapa, kwamba hatukumfaa mtu. Ina faida. Andika."

Mgongo wangu ukaanza kupata joto tena.

"Ya tatu," akasema muhuri kwa masikitiko. Akaruka juu, akaja moja kwa moja kwenye paji la uso wangu.

Pembeni ng'ombe akameza. "Mniwie radhi," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Nikaamka.

Kumekucha. Fomu ipo mezani palepale nilipoiacha, ila ukingo wake wa kulia umeliwa. Mwisho wa mstari, pale palipoandikwa "haina", hapapo tena. Kumebaki "Nathibitisha kwamba redio hii", na chini yake "faida". Nikagusa palipong'atwa. Pana mate, mabichi.

Mimi sifugi hata kuku.

Nikatafuta kalamu. Kwenye kijinafasi kilichobaki nikaandika "ina", kisha nikasaini.