Vyerehani Mbele ya Madhabahu

Jumatatu asubuhi Bi Pindo alikuta kufuli jipya kwenye mlango wa chumba cha ushonaji, nyuma ya kanisa la usharika wao wa Kilutheri. Ndani mlikuwa na vyerehani vinne vya mguu, majora mawili ya kitambaa cha bluu, na sare thelathini na moja ambazo hazijatiwa vifungo. Zilikuwa za shule ya watoto viziwi ya dayosisi, na shule ilibakiza siku kumi na mbili kufunguliwa. Kwa miaka tisa wanawake wa usharika ndio walioshona sare hizo. Bi Pindo ndiye aliyewaongoza. Jina hilo walimpa wenyewe, kwa kuwa hakuweza kuona pindo limefumuka asimsimamishe mwenye nguo, hata awe mchungaji anayeelekea mimbarini.

Alijua aliyefunga. Alimkuta uani akisimamia mafundi rangi: mdogo wa marehemu mumewe, mwenyekiti wa kamati ya majengo.

"Shemeji, naomba ufunguo."

"Kamati imeshaamua, shemeji. Kinakuwa chumba cha wageni. Makochi yanakuja kesho."

"Na watoto?"

"Watoto wana dayosisi yao. Sisi tutaibeba dayosisi mgongoni mpaka lini? Hebu niambie, kati ya hao watoto, wa usharika wetu ni wangapi?"

"Hakuna hata mmoja."

"Si umeona!"

"Ndiyo maana inaitwa huduma. Ingekuwa ya sisi kwa sisi, ingeitwa sherehe."

Fundi aliyekuwa juu ya ngazi aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Shemeji alikunja uso. Alitoa ufunguo mfukoni, akautupia kwenye ndoo tupu ya rangi.

"Toeni takataka zenu. Mpeleke popote mnapotaka."

"Popote?"

"Popote!"

Bi Pindo aliokota ufunguo. Akawaita muuza mboga, mwalimu mstaafu na mke wa fundi baiskeli, wenzake wa kushona. Wote wanne walibeba vyerehani kimoja kimoja, wakipumzika njiani na kutukana uzito wa chuma kwa sauti ya chini, wakaingia navyo kanisani. Wakavipanga mbele kabisa, chini ya ngazi za madhabahu. Saa nne vyote vilikuwa vinanguruma.

Mchungaji alikuja mbio. Alikuwa kijana, hajamaliza mwaka pale.

"Mama, jamani, hapa? Baraza la wazee litasema nini?"

"Jumapili tutavisogeza ukutani, Jumatatu tutavirudisha. Ukitaka tutoke, Mchungaji, tufukuze kwa mdomo wako. Usilitume baraza."

Mchungaji aliziangalia sare zilizorundikwa kwenye benchi la kwanza.

"Mimi sijui kushona," alisema mwishowe.

"Kifungo hakihitaji digrii. Kaa."

Akakaa. Alijichoma vidole mara tatu kabla ya kifungo cha kwanza kushika.

Alhamisi baraza lilimwita Bi Pindo. Walimsomea makosa: kudharau kamati, kugeuza nyumba ya ibada kiwanda, kumtia mchungaji aibu. Wakamvua uenyekiti wa umoja wa wanawake. Shemeji aliangalia meza muda wote.

"Kiti chukueni," Bi Pindo alisema huku akisimama. "Sindano ni yangu."

Alitoka ameinua kichwa. Nyumbani ndipo alipolia, akiwa ameshikilia sufuria aliyosahau kuitia maji. Kuta za chumba kile cha ushonaji mumewe alizijenga kwa mikono yake, na aliyemchanganyia saruji ni huyu huyu mdogo wake. Kesho yake alinawa uso, akawahi kanisani kabla ya wenzake.

Jumamosi kwaya ilikuja mazoezini, ikakuta hakuna pa kusimama. Mwalimu wa kwaya alifoka kidogo, kisha akaona sare sita bado hazina vifungo. Waimbaji wa sauti ya tatu waliketi sakafuni na sindano, wengine wakaimba.

Sare zilifika shuleni siku moja kabla ya kufunguliwa. Chumba kikawa cha wageni kama kamati ilivyotaka, makochi yake bado na nailoni, na shemeji alikaa miezi mingi bila kumsalimu. Vyerehani navyo vilibaki kanisani. Hakuna aliyethubutu kuvitoa.

Siku ile ya kugawa sare, msichana mmoja mrefu alijaribu yake, akainua mikono na kuanza kueleza jambo kwa vidole, uso umekunjamana. Matroni aliona haya.

"Anashukuru sana, mama."

Bi Pindo, ambaye katika miaka tisa alikuwa ameokota ishara mbili tatu, alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Thubutu! Anasema kwapani panabana."

Akamwashiria msichana avue, akaketi kwenye ngazi ya bweni, akatoa wembe na kuanza kufumua.