Mluzi Kwenye Ua wa Miholi

Asubuhi ile Dada alitoka kumwaga maji ya vyombo, akamkuta farasi hana kichwa.

Alikuwa farasi wa mti hai, aliyechongwa kwa mkasi: mholi wa Kijapani, mti wa mapambo, majani madogo kama kucha za mtoto mchanga, kijani mwaka mzima, na unakua polepole mpaka unachosha roho. Mdogo wake anayemfuata, ambaye wateja wa kitalu chao walimwita Kinyozi kwa jinsi alivyonyoa miti, alimlea farasi yule tangu akiwa kipandikizi kwenye kopo la maziwa. Alimfungia waya shingoni, akamkunja taratibu, akampunguza jani moja moja. Kinyozi ameota ndevu, zimeingia mvi, na shingo ya farasi ndiyo kwanza inapinda vizuri. Sasa kichwa kililala chini, masikio juu, na pembeni ya shina msumeno umeacha unga mweupe.

Dada hakuhitaji kuuliza nani. Jana yake Kinyozi alikuwa amemzaba Kitinda, mdogo wao wa mwisho, mbele ya mchumba wake, kofi la mgongo wa mkono, eti kaacha miche juani. Mwanamume mzima anayetaka kuoa! Tangu baba yao afe ilikuwa hivyo hivyo: kofi, teke, mpini wa reki. Na kila mara Dada alisema, "Jamani, basi," akarudi jikoni.

Kitinda alikuwa kizingitini ananoa mkasi mkubwa wa kukatia ua wa miti, mate kidogo, tupa kidogo.

"Ni wewe?"

"Nimemnyoa tu, Dada. Si ndiyo kazi ya nyumba hii?"

"Atakuua."

"Aje. Mwambie nina shingo moja tu, asikosee."

Kinyozi akaja. Akapiga magoti, akayapangusa udongo yale masikio ya majani, akayapangusa tena. Dada alizizoea kelele zake. Upole huu hakuuzoea. Mwishowe akainuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Leo tunakata ua mkubwa. Mimi nje, yeye ndani."

"Leo pumzikeni," Dada akasema.

"Rudi kwenye masufuria yako."

Ule ua mkubwa wa miholi baba yao aliupanda mwenyewe kuzunguka kitalu, mnene, mrefu kupita mtu, na hukatwa na wawili, mmoja kila upande, bila kuonana. Unasikia mkasi wa mwenzako tu. Kwa hiyo kuna sheria: ukitaka kuingiza mkono au mkasi ndani kutoa vijiti vikavu, unapiga mluzi. Mwenzako anaachia mkasi wake uanguke hapo hapo, anarudi nyuma, ndipo anajibu. Baba aliwafundisha wote watatu wakiwa wadogo, akiwachapa fimbo za miguuni, kwa sababu kidole chake kimoja kilibaki ndani ya ua ule.

Dada akajifanya anang'oa magugu karibu na Kitinda. Alitaka kitu kimoja tu: jua lizame akiwa bado na wadogo wawili.

Kacha, kacha, nje. Kacha, kacha, ndani. Majani yakawa yanadondoka kama mvua ya manyunyu. Kisha upande wa nje ukanyamaza. Dada akasubiri mluzi. Mluzi haukuja. Akaona majani yanatuna, kama kitu kinapumua mle ndani.

"Kitinda, rudi nyuma!"

Mkasi ukatokeza mpaka kwenye mpini, ukamwingia Kitinda pajani. Damu ikaruka juu ya majani. Kitinda akanguruma, akaivamia mipini kwa mikono yote miwili, akaivuta, na Kinyozi akaja nayo, akiupasua ua ambao baba hakuruhusu hata kuku apite. Kitinda akaokota reki, akampiga nayo usoni. Pua ikalia kama kijiti kikavu.

"Ulinipiga mbele ya mke wangu!"

"Hana mke mtu asiye na kichwa!"

Wakaanguka, wakaviringishana juu ya miche, makopo yakapasuka. Dada alijitupa katikati, kiwiko kikampata mdomoni, akatema jino. Alipoinua macho, Kinyozi alikuwa juu, magoti yamebana kifua cha Kitinda, mkasi umefunguka, shingo ya mdogo wake katikati ya makali.

"Farasi wangu ulimkatia wapi?" alikuwa anauliza, huku damu ya pua ikimdondokea Kitinda machoni. "Hapa? Au hapa chini kidogo?"

Ngozi ikapasuka, mstari mwembamba mwekundu. Mkono wa Kitinda uliokuwa huru ulikuwa umeshika jiwe, unapanda.

Dada akapiga kelele. Hawakusikia. Akamshika Kinyozi nywele. Hakugeuka. Basi akatia vidole viwili kwenye mdomo wake uliopasuka, akapiga mluzi wa baba.

Mkasi ukaanguka. Jiwe likaanguka. Mikono yote ilifunguka kabla wenyewe hawajafikiri, na Kinyozi akabaki anaitazama yake kama ya mtu mwingine.

Dada akauokota mkasi, akautupa kwenye pipa la maji. Kisha akachukua reki, akampiga Kinyozi mgongoni, begani, mgongoni tena, mpaka mpini ukavunjika, naye hakuinua hata kiwiko kujikinga. Ndipo akavua kitambaa cha kichwani, akalifunga paja la Kitinda.

Jua lilizama akiwa na wadogo wawili, mmoja hospitali, mwingine kachutama ukutani na pua iliyokaa upande.

Kitinda alipopona aliondoka na mchumba wake, akichechemea. Hakuaga. Alichukua vipandikizi vichache tu kwenye kopo. Shina la farasi lilichipua, maana mholi haufi kwa kukatwa, lakini Kinyozi hajalifungia waya tena.

Upande wa ndani sasa anakata Dada. Pale ua ulipopasuka bado pana uwazi. Kila Kinyozi akifika hapo, anapiga mluzi, anaachia mkasi wake uanguke, ingawa sheria haimdai yeye, anasubiri. Dada anamwona kupitia uwazi huo, anasimama na mkasi mkononi, kinywa amefunga. Bila jibu, mtu haingizi mkono. Kinyozi anauokota mkasi wake, anasogea mbele, na vijiti vikavu vinabaki humo humo ndani.