Mhifadhi Aliyechuchumaa

Kijijini Hasamba kila mama ana rangi ya vifaranga wake. Anawapaka mgongoni ili mwewe asiwatambue, na ili majirani wasigombane. Wa Roda ni wa zambarau, anawapaka dawa ya vidonda. Mwingine mwenye zambarau hayupo.

Edson hilo hakulijua, maana Edson alikuwa na mambo makubwa. Alirudi kutoka Tunduma na kamera yenye mdomo mrefu kama birika, akajiita mhifadhi wa ndege. Tumpe, binti wa Roda, akawa anambebea begi. Jumapili baada ya ibada, wanakwaya wakinywa chai uani kwa Roda, Edson akawaonyesha picha: mwewe anashuka, kucha wazi.

"Ona, mama Tumpe. Asili tupu."

Roda akasogeza uso. Chini ya kucha palikuwa na kifaranga wa zambarau, na vidole vilivyomshika, na ukingo wa sweta ya kijani.

"Asili yako imevaa sweta ya mwanangu."

Watu wakacheka. Roda hakucheka. Alimpandisha Tumpe mkono wa sweta, akakuta mikwaruzo mitatu.

"Mwewe alinigusa tu, mama."

"Kesho atakugusa jicho."

"Kashatuzoea huyo," Edson akasema. "Nikipiga mluzi anakuja. Ndiyo uhifadhi wa kisasa."

"Kumfundisha mwewe kwamba mtu ni sahani? Haya, mhifadhi. Leo shika wewe."

Mbele ya kwaya nzima angekataaje? Akapewa kifaranga, akapiga mluzi. Mwewe akatokea juu ya mibuni, akashuka kama jiwe. Mhifadhi akamtupa kifaranga, akachuchumaa nyuma ya Tumpe.

Nyuma ya Tumpe, jamani. Mwenye binti asome hapo mara mbili.

Roda alishafika, akamfunika mwanawe kichwa kwa kitenge. Mwewe akawapita karibu, wakasikia upepo wake, akapotea bila kitu.

Mzee Yesaya wa kwaya akasema mwewe huyo sasa atawafuata watoto, ategewe nyama yenye sumu.

"Sumu ya nini, mzee? Ndege kaitwa, kaja. Anayemwita ndiye anyamaze, na mwewe atarudi kwenye panya wake," Roda akasema.

Edson akainuka, akajipangusa magoti. "Tumpe, lete begi twende."

Tumpe akalishusha begani, akaliweka vumbini, akaenda kumtafuta kifaranga.