Ubeti wa Pili wa Kihindi

Saidati, fundi cherehani wa Nengo, hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Lakini sauti alijaliwa, na filamu za Kihindi alizitazama tangu utotoni, kwa hiyo kila alipoalikwa kuimba harusini alijibunia maneno papo hapo: "Dilimaya sanjaro, tumiri piya piyalo!" Watu walitokwa na machozi.

Kwenye harusi ya Nadra, kule Rugerero, mama wa bwana harusi alijipangusa macho akauliza, "Mwanangu, huu wimbo inasema nini?"

Kabla Saidati hajabuni jibu, Mzee Hamdani, mjomba wa bibi harusi, alishasimama.

"Mi niliuzaka vitambaa na Wahindi, Bujumbura. Kihindi naelewa yote. Anasema hivi: baba ya bwana harusi, mutu wa moyo mukubwa, leo atapatia bibi harusi ngombe. Ngombe yenye iko na mimba!"

Ukumbi ukarindima kwa vigelegele. Baba mwenyewe, Twahir muuza matairi, hakucheka.

"Iko vile kweli?" akamuuliza Saidati.

Saidati akamtazama Hamdani. Mzee akamkonyeza. Hapo ndipo alipotambua kwamba huyu naye Kihindi hakijui, anabahatisha tu kama yeye. Akikana, ataambiwa atoe maana ya kweli, na maana hana. Akikubali, amemtwisha mtu ng'ombe mzima.

"Iko vile, baba," akasema. "Ila mzee alisahau ubeti wa pili. Unasema mujomba wa bibi harusi ndiye atakatia ile ngombe majani, kila asubuhi, mpaka izae."

Safari hii kigelegele alikianza Twahir.

"Bon," Hamdani akababaika, "unajua Kihindi kiko na maana mingi..."

"Si umesema unaelewa yote!" Twahir akamkatiza, na watu wakaangua kicheko hata bibi harusi akashika mbavu.

Ng'ombe alifika juma lililofuata, mwekundu, mwenye mateke. Asubuhi moja Saidati alimkuta Hamdani akipanda kilima na mzigo wa majani kichwani, jasho likimchuruzika. Akampokea nusu.

"We mutoto," mzee akahema, "Kihindi ulisomeaka wapi?"

"Palepale we ulisomea, baba."

Wakacheka mpaka majani yakawamwagikia barabarani.