Volti Mia na Ishirini

Manang Salvacion, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao, hakuwa mtu wa kumwamini fundi. Siku Tikyo alipokuja kufunga taa za bustani ya mgahawa wake, alimwachia mpishi sufuria za supu ya tambi, akaenda kusimama nyuma ya fundi, mikono kiunoni.

Taa zilitumwa na kaka yake aliyeko Amerika: kumi na mbili, fupi, za kuchomeka ardhini kando ya njia, pamoja na transfoma yake. Waya Salvacion alinunua mwenyewe hapo Iloilo mjini, Ufilipino, mnene kama kidole cha mtoto.

"Na hilo jingine la nini?" aliuliza, Tikyo alipotundika ukutani sanduku la pili la chuma, zito kama jiwe la kusagia.

"La kushusha umeme, Manang. Ukutani kwetu kuna volti mia mbili na ishirini. Transfoma ya kaka yako inataka mia na ishirini. Hili linashusha kwanza, halafu yenyewe inashusha mpaka kumi na mbili za taa."

"Kaka yangu hakutuma hilo."

"Kwao halihitajiki."

"Una mdomo wewe, Tikyo."

Jua lilipozama, taa ziliwaka. Nane za mwanzo zilipendeza, lakini nne za mwisho, karibu na banda la kuku, zilikuwa hafifu kama macho ya mgonjwa. Purita, muuza samaki na jirani yake Salvacion, aliweka bakuli lake la supu chini akatega sikio ukutani.

"Shoga, sikia sanduku linavyonguruma. Si ndilo linalokula umeme wako? Taa za mwisho zinapewa makombo."

"Nilijua! Tangu lini kitu kimoja kikahitaji masanduku mawili?"

Maneno yale yakamkaa rohoni. Akaanza kumchunguza Tikyo kila alipopita. Fundi alisalimia vizuri, akauliza habari za taa, ila macho yake hayakufika kwenye banda la kuku. Siku ya nne Salvacion alimkuta ameinama pale penye maua, anafukia kitu kwa mguu.

"Unafanya nini hapo?"

"Naweka udongo sawa tu, Manang. Kuku wameparua."

Alipoondoka, Salvacion alichukua jembe la mkono akafukua. Waya uliotokea haukuwa wake. Ulikuwa mwembamba kama kamba ya viatu. Alichuchumaa pale, damu ikimchemka. Kumbe! Basi kama waya ni wizi, na sanduku nalo ni hila.

Jioni ile ile akaling'oa sanduku kwenye soketi, akachomeka transfoma ya kaka yake moja kwa moja ukutani. Plagi ikaingia bila ubishi, kama iliyozaliwa humo. Taa zote kumi na mbili zikalipuka kwa weupe, mpaka kuku wakadhani kumekucha. Wateja wakapiga makofi.

"Purita! Njoo uone! Nimemuumbua mwizi!"

Tikyo aliuona mwanga ule akiwa barabarani. Akaingia mbio.

"Chomoa! Chomoa, Manang!"

"Nichomoe ili iweje? Waya wangu uko wapi, mwizi we?"

Kabla hajajibu, taa moja ikalia tap, ikazima. Ikafuata nyingine, kisha tatu kwa mpigo. Ukutani moshi ukaanza kutoka, na harufu kali ya rangi inayoungua. Tikyo alijifunga fulana mkononi akaivuta plagi. Giza likatanda. Hakuna aliyepiga makofi.

Kwa tochi ya simu alimwonyesha maandishi mgongoni mwa transfoma. "Soma mwenyewe. Mia na ishirini. Umeipa karibu mara mbili, nayo ikazipa taa mara mbili."

Salvacion alisoma. Lakini hakuondoka.

"Sawa. Hilo ni kosa langu. Na waya?"

Tikyo akaketi kwenye benchi.

"Uko kwa mama. Waya wa pampu yake ya maji ulichunika, ukawa unarusha cheche, na yeye anashika pampu kwa mikono iliyolowa. Nikadhani kwako mwembamba utatosha. Hautoshi. Umeme unapotea njiani, ndiyo maana za mwisho zikafifia."

"Ungeniomba!"

"Ungenipa?"

Salvacion alijua asingempa. Angemwita mwongo na kumfungia geti.

"Usiutoe kwa mama yako," alisema hatimaye. "Ila mwingine unanunua wewe."

Wiki iliyofuata walikwenda dukani pamoja. Tikyo alichagua waya. Salvacion alichagua transfoma ya volti mia mbili na ishirini, akasoma kila namba, kidole kikifuata, mpaka mwenye duka akaanza kupiga miayo. Walipofika bustanini, fundi akachimba mtaro, na Manang akashika ncha ya waya, akiuachia polepole, jicho kwenye mtaro hadi sentimeta ya mwisho ilipofukiwa.