Tumbo la Koo Jembamba

Mama alikuwa anaisha mbele ya macho yetu, na mimi sikuwa tayari kumwacha aishe. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini nilimfokea mgonjwa kitandani.

Mama ana duka la dawa, na kwetu kapsuli za kuua bakteria zililiwa kama karanga. Ukipiga chafya, kapsuli. Ukijikwaa kidole, kapsuli. Kaka yangu aliwahi kupewa alipoachwa na mchumba, eti mwili wenye huzuni hushambuliwa haraka. Mama mwenyewe alizimeza kutuzidi sote, hadi kifua kilipombana akamaliza boksi zima, na tumbo likaanza kumwendesha. Likatibiwa, likatulia. Dozi ilipoisha likaanza upya, na likaanza tena. Mwanamke aliyekuwa akijaza mlango wa duka sasa alikuwa anapotea ndani ya shuka.

Daktari wa tumbo wa hospitali alikolazwa Mama, dada mpole asiyecheka ovyo, alituita mimi na kaka ofisini kwake.

"Utumboni mna bakteria wengi wenye kazi," alisema. "Wanasaga makapi yanayotushinda sisi, wanalisha ukuta wa utumbo, wanausaidia mwili kutumia sukari na mafuta. Wakiwepo wao, wabaya hawapati pa kukaa. Wa mama yenu wameuawa na dawa, na mmoja mbaya ameishika nyumba yote."

"Sasa tunafanyaje?" nikauliza.

"Tunapanda wengine. Tunachukua choo cha mtu mwenye afya, tunakipima, tunakichuja, tunakipitisha kwa mrija wa mpira mpaka utumboni."

Kaka akaanza kukohoa. Nikamkanyaga mguu.

"Chukueni changu," nikasema.

"Umemeza lini dawa za kuua bakteria mara ya mwisho?"

Nikamtazama kaka, kaka akatazama dari. Wiki ileile Mama alikuwa ametugawia, eti tusiambukizwe. Daktari akatukataa wote wawili. Nilitoka pale nimewaka. Familia nzima ya duka la dawa, na hakuna tumbo hata moja la kufaa!

Akabaki mume wangu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na hawezi kumeza kidonge. Kikifika kooni kinarudi. Mafua yake hulala nayo mpaka yaishe yenyewe. Mama hakuwahi kumpenda. Alitaka mkwe wa kalamu, akapata mkwe wa cheche. Akambandika jina la Koo Jembamba, na tangu niolewe alikuwa hajala tonge nyumbani kwetu.

Mume wangu akapimwa damu, akapimwa choo. Majibu yakaja safi.

"Afadhali nife," Mama akasema. "Mavi ya mkwe? Nitamtazamaje?"

"Hata sasa humtazami, Mama."

"Usinijibu hivyo."

"Nitakujibu! Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lako nitalivuta mpaka lisikie. Umetumezesha sote, limebaki tumbo moja la kukuokoa, nalo ndilo la mtu uliyekuwa ukimcheka. Wajukuu wako wanakuulizia kila siku. Niwaambie bibi kafa kwa aibu?"

Nikalia. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa naogopa kumkosa.

Mume wangu alikuwa nje ya pazia la mlango, asiingie kwa kumstahi mama mkwe. Akasema kutoka hukohuko:

"Mama, mimi nimeshatoa. Usipokitumia kitatupwa tu. Haya naona hata mimi. Lakini bora nione haya nawe upo."

Mama akageukia ukutani. Nikashika chuma cha kitanda kana kwamba ndicho kitakachokimbia.

"Maji nimeshayavulia nguo," akasema. "Mwite huyo daktari kabla sijaghairi."

Ikafanyika. Kwanza tumbo likatulia, kisha akaomba supu, kisha akaanza kugombana na wauguzi juu ya chumvi, na hapo ndipo nilipoanza kupumua. Daktari alituonya tusishangilie mapema, akaendelea kumfuatilia. Ugonjwa haukurudi.

Aliporudi dukani, mimi nikiwa kando yake, mteja wa kwanza alitaka kapsuli za mafua.

"Una cheti cha daktari?" Mama akamuuliza. "Huna. Basi nenda kanywe maji, ulale."

Mteja akanitazama kama anayeuliza huyu ni yuleyule au amebadilishwa.

Jumapili iliyofuata akaja kwetu kula, hajaalikwa. Mume wangu alipomwona akainuka haraka, achukue sahani yake akale jikoni. Katika kuinuka akapiga chafya. Mkono wa Mama ukaenda kwenye mkoba, kwa mazoea yake yote. Ukasimama. Ukatoka mtupu, ukamvutia kiti.

"Kaa, mwanangu," akasema, huku akimtazama usoni. Akamjazia maharage na mboga za majani mpaka sahani ikaelemewa. "Kula vizuri. Ukiugua wewe, tumeugua wawili."